Mguu Mmoja Uliovimba

Kwa miaka ishirini na minane shangazi yangu alifundisha somo la Biolojia katika shule za wasichana za Nyeri, tangu enzi za wilaya na mikoa. Kila mwaka, wanafunzi wa kidato cha pili walipofikia mada ya usafirishaji wa vitu mwilini, alichora ubaoni mlolongo ule ule: tishu hukatika, thromboplastini humwagika, prothrombini hugeuka thrombini, fibrinojeni hugeuka fibrini, na nyuzi za fibrini huzinasa chembe za damu kama wavu unasavyo dagaa. Baada ya hapo aliorodhesha magonjwa ya mfumo wa damu ambayo mtahini hupenda kuyauliza, na la kwanza lilikuwa thrombosi. Wanafunzi wake walilijua neno hilo kwa herufi zake zote. Yeye alilijua kuliko wote. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe ulipobisha hodi nyumbani kwake Mathira, hakuutambua.

Nami sikuutambua, ijapokuwa nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake. Yalikuwa majira ya gathano, mwezi wa Julai, ukungu umeshuka kutoka mlimani na kukaa juu ya michai siku nzima, na watu wamejikunyata jikoni. Shangazi alikuwa amegunduliwa kuwa na kansa ya ovari miezi mitatu awali. Alikuwa amefanyiwa upasuaji na kutiwa dawa za kemotherapi mara mbili. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kwenye kifundo hadi pajani, ngozi imekaza na kung'aa. Tulikuwa tumeuliza katika hospitali moja, na mtu aliyevaa koti jeupe akatujibu bila kuinua macho kwamba hayo ni madhara ya dawa na yatapita. Basi binamu zangu wakawa wanaukanda mguu ule kwa mafuta kila jioni. Mimi, msomi wa familia, nikashauri maji moto yenye chumvi.

"Tata," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, "hii ni baridi tu ya mlima."

Akanitazama kwa yale macho aliyozoea kuwatazamia wanafunzi wasiofanya kazi ya ziada. "Wewe ni daktari wa maneno, mwanangu," akasema. "Lakini leo nitakusikia."

Siku ya nne alikuja muuguzi anayewazuru wagonjwa wa kansa majumbani. Hakuanza na mafaili. Aliuliza swali moja tu kwa Kigikuyu: "Mwalimu, ni mguu mmoja au ni yote miwili?" Alipoambiwa ni mmoja, aliushika mkono wa binamu yangu aliyekuwa akikanda, akauondoa polepole juu ya mguu ule kama mtu anayeondoa kikombe cha moto mbele ya mtoto. Akatoa utepe wa fundi cherehani mfukoni, akapima shavu la mguu wa kulia, kisha la kushoto. La kushoto lilizidi kwa sentimita tano. Jioni hiyo, katika mji wa Nyeri, mashine ya altrasaundi ilituonyesha donge la damu lililoanzia karibu na goti na kupanda hadi kinenani.

Nayaandika haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu naamini kosa letu halikuwa la ujinga. Elimu ilikuwamo nyumbani mle, tena imejaa pomoni. Ilikosa njia ya kutoka kwenye daftari hadi kitandani.

Tulisemeje, sisi wa ukanda wa Mlima Kenya, mgonjwa wa kansa anapokata pumzi ghafla akiwa anaelekea chooni, siku mbili baada ya kuonekana ana nafuu? Tulisema kansa imemmaliza. Tulisema imemfika moyoni, au imeshuka miguuni kisha ikapanda. Kwa wengi hilo lilikuwa kweli. Lakini wapo ambao kansa haikuwa imefika popote. Kilichofika ni kipande cha damu iliyoganda, kilichobanduka kwenye mguu, kikasafiri hadi moyoni, kikasukumwa katika mishipa ya mapafu na kukwama humo. Huo ni ugonjwa wa pili, una jina lake, dalili zake na dawa zake, nao hujificha nyuma ya ule wa kwanza kama mwizi anayeingia nyumbani wakati wa matanga.

Ukubwa wa jambo hili si wa kukisia. Mtu mwenye kansa ana hatari ya damu kuganda katika mishipa mara 4 hadi 7 kuliko mtu asiye nayo, na uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2021 uliiweka hatari hiyo karibu na mara 9. Katika kila watu 5 wanaopatwa na donge la aina hii, takriban mmoja ana kansa. Miongoni mwa wagonjwa wa kansa wanaotibiwa wakitokea nyumbani, madonge haya huhesabiwa kuwa sababu ya pili ya vifo baada ya kansa yenyewe. Sasa yapime hayo kwa mizani ya nchi yetu, ambayo kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 ilikuwa na wagonjwa wapya wa kansa zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Ni wangapi kati ya hao walizikwa na jina la ugonjwa mmoja ilhali waliuawa na mwingine?

Wala hii si habari mpya. Mwaka 1865, katika hospitali ya Hôtel-Dieu jijini Paris, tabibu Armand Trousseau aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mtu akipatwa na mishipa inayovimba na kuganda bila sababu ya wazi, basi daktari aitafute kansa iliyojificha. Miaka miwili baadaye aliona mshipa wake mwenyewe umevimba. Alimwambia mwanafunzi wake kuwa sasa hana shaka juu ya ugonjwa alio nao. Alifariki mwaka huo huo wa 1867 kwa kansa ya tumbo. Mwalimu yule wa Paris alilitambua somo lake lilipomjia mwilini, na kila ninapomfikiria namfikiria pia shangazi yangu. Sidhani tofauti yao ilikuwa akili. Trousseau alifundisha, aliumwa na alifikiri kwa lugha moja.

Kabla sijaliendeleza hilo, inafaa tueleze damu huganda vipi, maana si kila msomaji alikaa katika darasa la shangazi.

Kuganda kwa damu ni neema. Ukijikata kwa panga shambani, damu isipoganda utakwisha. Mtu wa kwetu hahitaji maabara kuelewa hali hii, kwa kuwa amekwisha kuona maziwa yakiganda kwenye kibuyu: kitu kilichokuwa kikitiririka hushikana, kikawa na umbo lake. Hata Wayunani wa kale, ambao tumerithi kwao neno thrombosi, walilitumia neno lao kwa bonge la damu na kwa bonge la maziwa vilevile. Taabu huanza damu inapoganda ndani ya mshipa usiokatika. Mjerumani Rudolf Virchow, ambaye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 13 Oktoba, imefanywa siku ya ulimwengu ya kukumbuka ugonjwa huu tangu mwaka 2014, aliandika katikati ya karne ya 19 mambo ambayo hadi leo madaktari huyafupisha kuwa matatu: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kubadilika tabia.

Kansa huyaleta yote matatu. Uvimbe ulioko nyongani huukandamiza mshipa unaorudisha damu kutoka mguuni, na mgonjwa naye hulala siku nyingi bila kutembea; damu hutuama kama maji ya mtaro ulioziba. Kisu cha upasuaji, mpira wa kutilia dawa unaoachwa ndani ya mshipa, na baadhi ya dawa za kansa huujeruhi ukuta wa mshipa. Tena seli za kansa zenyewe hutoa kemikali ya kugandisha. Hapa nawaomba walimu wa Biolojia wasimame kidogo, maana kemikali hiyo ni ile ile thromboplastini inayokaririwa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwili huitoa unapokatika ili kuziba jeraha. Uvimbe wa kansa huitoa usiku na mchana, jeraha lisiwepo, mithili ya mtu anayepiga kengele ya moto kila saa. Mlolongo wa shangazi ulikuwa unafanyika ndani ya mguu wake, hatua kwa hatua, kama alivyouchora ubaoni.

Kansa hazilingani kwa jambo hili. Zile za kongosho na tumbo ndizo zinazoongoza, pamoja na zile za ubongo. Za mapafu, ovari na baadhi ya kansa za damu zinafuata kwa karibu. Ya titi na ya tezi dume zina hatari ndogo zaidi, ila wagonjwa wake ni wengi na baadhi ya dawa zake, mathalani tamoksifeni, huongeza hatari. Wakati wa kuchunga zaidi ni miezi ya mwanzo baada ya kugunduliwa, majuma yanayofuata upasuaji, kipindi cha kemotherapi, na kila mara mgonjwa anapolazwa. Kinyume chake pia hutokea, kama alivyosema Trousseau: donge likatangulia na kansa ikafuata. Kati ya watu 100 waliopatwa na donge lisiloelezeka, kama 5 hugunduliwa kuwa na kansa ndani ya mwaka mmoja.

Sasa nirudi kwenye uwanja wangu, ambao ni lugha.

Katika ukumbi wa hospitali moja nilimsikia nyanya mmoja wa kutoka pande za Othaya akimweleza tabibu kijana, mzaliwa wa Pwani, kwamba mguu wake "unaimba usiku na mchana". Tabibu alicheka, foleni ikacheka, na nyanya naye akacheka kwa adabu. Aliandikiwa dawa ya maumivu. Nilikuwa na haya kuingilia, na haya hiyo ninaijutia. Kwa Kigikuyu kitenzi cha kuvimba ni kuimba. Ni neno la asili moja na kuvimba kwetu, ila sauti ya mwanzo imedondoka safarini. Mguu wa nyanya ulikuwa umevimba. Angetumia Kiswahili cha mitaani angesema umefura, na pengine angeeleweka. Alitumia Kiswahili alichokuwa nacho, kikawa wimbo.

Watu husema kwamba tofauti za namna hii ni vichekesho vya barazani. Mimi nasema ni swala la uhai. Dalili za donge la damu ni maneno kabla hazijawa picha za mashine: hakuna altrasaundi itakayowashwa pasipo mtu kusema jambo na mwingine kulisikia. Tazama pia neno "wekundu". Vitabu vya tiba, ambavyo vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, husema mguu wenye donge huwa mwekundu. Mwalimu wetu hufasiri, mwanafunzi hunakili, na familia ya Kieni au Kirinyaga huutazama mguu mweusi, haioni wekundu wowote, ikatulia. Kwenye ngozi yetu mguu huo huweza kuwa mweusi zaidi, au wa rangi ya zambarau iliyofifia, au usibadilike rangi hata kidogo. Yafaa tufundishe joto, uzito, maumivu ya shavu la mguu, na juu ya yote swali la yule muuguzi: ni mguu mmoja, au ni miwili?

Swali hilo lina sababu. Miguu yote miwili ikivimba kwa kiasi sawa, aghalabu chanzo ni kingine, kama upungufu wa protini, moyo au figo, ingawa hilo nalo ni la kumwona daktari. Mmoja ukivimba peke yake kwa mtu mwenye kansa, donge lishukiwe mpaka mashine ikanushe. Mkono vivyo hivyo, hasa ule uliowekwa mpira wa dawa. Na pumzi ikikatika ghafla, kifua kikachoma mtu anapovuta hewa, moyo ukaenda mbio, akakohoa damu au akazimia, hapo hakuna cha kusubiri kliniki ya Jumanne. Hiyo ni dharura ya saa ile ile. Kuukanda mguu wenye donge, kama tulivyofanya sisi kwa mapenzi yetu yote, ni kulihatarisha donge lisijebanduka. Kila nikumbukapo yale mafuta, mikono hunifa ganzi.

Yapo maneno mengine yanayotuficha. "Kuganda" kwetu ni kwa baridi pia, na ndiyo maana mtu akisikia damu imeganda hukimbilia blanketi na maji moto. Shangazi mwenyewe aliniambia baadaye kwamba aliposikia damu imeganda alifikiria jokofu. "Saratani" ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, sawa na walivyouita ugonjwa huo Wayunani. Husimuliwa kwamba wakongwe wa tiba waliona mishipa iliyotutumka kuuzunguka uvimbe wakaifananisha na miguu ya mnyama huyo. Mishipa imo ndani ya jina tangu hapo, nasi hatuioni. Huko Embu na Meru wanayo maneno yao ambayo sina haki ya kuyasemea, wenyewe wayakusanye.

Na vipi mitihani yetu? Mtaala wa 8-4-4, uliowalea karibu walimu wote walioko madarasani leo, uliliweka neno thrombosi katika kidato cha pili, kwa Kiingereza, kwa ajili ya alama moja au mbili. Maelfu wamelipata jibu hilo, kisha wakarudi nyumbani wakati wa likizo, wakapita mbele ya nyanya aliyenyoosha mguu kwenye kigoda, wakamsalimu na kuendelea. Simlaumu mwanafunzi. Hakuna aliyemwambia kuwa neno lile lina mguu.

Halafu kuna barabara. Kwa miongo mingi mgonjwa wa kansa wa sehemu zetu aliyehitaji tiba ya mionzi katika hospitali ya umma hakuwa na budi kuelekea Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Mambo yamesogea kiasi: Nyeri, Embu na Meru ni miongoni mwa kaunti zilizopewa vituo vya kutolea kemotherapi, na hospitali za misheni kama Tumutumu, Consolata Mathari na Chogoria zimebeba mzigo wa wagonjwa tangu enzi za wakoloni. Safari hata hivyo haijaisha kwa wengi. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150: Karatina, Sagana, Makutano, Kenol, Thika, kisha msongamano. Mgonjwa ameamka saa kumi usiku, hajala kwa sababu ya kichefuchefu, hanywi maji asije akaomba gari lisimame, amebanwa katika kiti cha nyuma magoti yakigusa kidevu. Anakaa saa tatu au nne hivyo, anasubiri kwenye benchi mchana kutwa, anarudi vivyo hivyo. Tungetaka kubuni njia ya kuituamisha damu miguuni, tusingepata iliyo bora kuliko hii. Anywe maji. Akae kiti cha mbele au cha kando ya njia, aizungushe nyayo yake na kuinua visigino. Gari likisimama Sagana ashuke atembee hatua hamsini, na wenye haraka wamvumilie.

Kuhusu tiba, nitasema yale ambayo mgonjwa na mlezi wake wanapaswa kuyaelewa, na mengine nitawaachia madaktari. Donge hutibiwa kwa dawa zinazoizuia damu isiendelee kuganda, ili mwili upate nafasi ya kuliyeyusha wenyewe polepole. Shangazi alipewa sindano za enoksaparini, jamii ya hepari­ni, za kudunga chini ya ngozi ya tumbo. Uzuri wa sindano za jamii hii ulithibitishwa na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003: kati ya wagonjwa 336 wa kansa waliodungwa dalteparini, 27 walipata donge tena, ilhali kati ya wengine 336 waliopewa vidonge vya kale, waliopata tena walikuwa 53. Miaka ya karibuni vidonge vipya kama apiksabani na rivaroksabani vimewaondolea wengi adha ya sindano, ingawa baadhi yake huhitaji uangalifu kwa wenye kansa ya tumbo au utumbo kwa kuwa huweza kuleta uvujaji wa damu. Matibabu hayapungui miezi mitatu, kwa kawaida sita, na huendelea maadamu kansa ingali hai. Mgonjwa anayeacha dawa kwa sababu mguu umenywea anacheza pata potea.

Vile vidonge vya kale ni warfarini, na bado vinatumika sana kwetu kwa kuwa ni vya bei nafuu. Historia yake itawavutia wafugaji wa Mukurwe-ini. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na Marekani ya kaskazini walikufa kwa kutokwa na damu isiyoganda baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mfugaji mmoja alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kopo la damu iliyokataa kuganda. Kutokana na kazi ya maabara ile ilipatikana warfarini, ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, kisha miaka ya 1950 ikawa dawa ya binadamu. Najua wagonjwa wawili waliozitupa dawa zao shimoni baada ya jirani kuwanong'oneza kwamba ni sumu ya panya. Jirani hakusema uongo. Aliisema nusu ya habari.

Warfarini hupingana na vitamini K, nayo imejaa katika mboga za majani. Basi mgonjwa wa Nyeri ambaye leo anakula mukimo wa thabai, kesho sukuma wiki, keshokutwa viazi vitupu, damu yake itayumba na vipimo vitamshangaza daktari. Hakatazwi mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kile kile kila siku, apimwe damu mara kwa mara, na kila dawa nyingine aitaje, ikiwa ni pamoja na mizizi ya mganga, mafuta ya kitunguu saumu na aspirini aliyoazimwa na shemeji. Kwa mtu anayetapika kwa ajili ya kemotherapi, kula kiasi kile kile kila siku ni ndoto. Ndiyo sababu sindano na vidonge vipya hupendelewa kwa wenye kansa.

Gharama ni kisa kingine. Sindano ya kila siku kwa miezi sita ni ng'ombe na ndama wake. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF ilipoachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii, familia nyingi zimekuwa zikijifunza upya kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi. Ushauri wangu ni mwepesi: dawa hii iulizwe kwa jina lake kabla ya mgonjwa kutoka wodini, kwa maana mtu akiuliza "dawa za kansa" atajibiwa juu ya dawa za kansa. Tunarudi pale pale kwenye ugonjwa wa pili usiotajwa. Vilevile familia imuulize daktari, kabla ya upasuaji na kabla ya kemotherapi, kama mgonjwa wao anahitaji dawa ya kuzuia damu isigande hata kabla ya kuganda. Si kila mgonjwa anaihitaji, na anayevuja damu huweza kudhurika nayo. Vipo vipimo vya kumwezesha daktari kuamua, kimojawapo kikitumika tangu mwaka 2008, kinachozingatia aina ya kansa, hesabu ya chembe za damu na uzito wa mwili. Kuulizwa hakumdhalilishi daktari yeyote mwenye kuipenda kazi yake.

Shangazi alijidunga mwenyewe tangu juma la pili. Hakuruhusu mtu amsaidie. Alikunja ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akahesabu kwa Kiingereza, na baada ya kumaliza aliitia sindano katika mkebe wa mafuta ya kupikia aliouandika tarehe. Mguu ulinywea kwa muda wa miezi miwili, ingawa soksi ya kushoto haikuacha kumbana. Aliishi miezi kumi na minne baada ya siku ile ya utepe wa fundi. Aliona mjukuu wake akimaliza kidato cha nne, alipalilia kiunga chake cha viazi mara mbili, akagombana na kamati ya kanisa kuhusu hesabu. Kansa ndiyo iliyomchukua mwishowe, nyumbani, taratibu, sote tukiwa tumemzunguka na tumeagana naye. Donge halikurudi.

Tulipokuwa tukipanga vitu vyake nilikuta maandalio yake ya masomo, daftari la jalada jeusi ambalo kingo zake zimelika. Nilifungua kidato cha pili. Mlolongo wote umo kwa wino wa buluu, na chini yake magonjwa yale ya mtihani. Kando ya la kwanza palikuwa na maneno mapya ya penseli, mwandiko umetetemeka kidogo, kwa Kigikuyu na kwa Kiswahili: uvimbe wa mguu mmoja, joto, pumzi kukatika, usikande. Mbele yake alikuwa ameweka alama ya swali na kuandika: "Waulizwe, nani nyumbani?" Mwalimu kijana wa shule ya jirani aliniomba ukurasa huo. Nilimtolea nakala Karatina, katika duka la karibu na soko, na mwenye mashine alipoisoma akaniomba atoe moja ya ziada ampelekee mamake.